Sacagawea siku kwa siku: kutoka Fort Mandan hadi Pasifiki na kurudi

Baadhi ya sanamu za Sacagawea, mwanamke wa kabila la Washoshone, nchini Marekani humwonyesha amenyoosha kidole kuelekea magharibi, mtoto mgongoni, wanaume nyuma yake wakitazama anakoonyesha. Ni sanamu za kupendeza, ila zinamsingizia kazi ambayo hakuifanya mara nyingi, na kuficha zile alizozifanya kweli. Msafara wa makapteni Meriwether Lewis na William Clark, aliosafiri nao, ulitumwa na Rais Thomas Jefferson kutafuta njia ya kufika Bahari ya Pasifiki, wakati ambapo Marekani ilikuwa imeinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803. Watu kadhaa wa msafara huo waliandika shajara. Sacagawea hakuandika, kwa hiyo tunamwona kwa macho ya wanaume tu. Nimezifuata siku ambazo kalamu zao zilimgusa, nyingine nimeziruka.

4 Novemba 1804, Mto Missouri

Mahali penyewe leo ni jimbo la Dakota Kaskazini. Msafara ulikuwa umefika kwenye vijiji vya makabila ya Wamandan na Wahidatsa, baridi imeanza kuuma, na askari wanakata magogo ya kujengea ngome yao, Fort Mandan. Akaja mfanyabiashara wa ngozi, Toussaint Charbonneau, Mkanada mwenye asili ya Kifaransa aliyeishi na Wahidatsa, akiomba kazi ya ukalimani. Kiingereza hakukijua. Kilichowafanya makapteni wamsikilize ni jambo moja: wake zake wawili walikuwa Washoshone.

Walikuwa wameshapata habari kwamba huko mbele mto ungekwisha na milima mikubwa ingeanza. Mizigo yao isingevuka bila farasi, na wenye farasi kule milimani walikuwa Washoshone. Charbonneau akachukuliwa, kwa sharti aje na mke mmoja. Kwa hiyo aliyeajiriwa kwenye karatasi ni mume, na aliyehitajika ni mke.

Sacagawea alikuwa na umri wa miaka kama 16, na mjamzito. Alikuwa ametekwa na Wahidatsa akiwa na miaka kama 12, akapelekwa mamia ya maili mashariki ya kwao, na mwishowe akaangukia mikononi mwa Charbonneau. Hakuna aliyeandika kama aliulizwa lolote kuhusu safari hii.

11 Februari 1805, Fort Mandan

Uchungu ulimshika, ukawa mrefu na mkali. René Jessaume, mkalimani mwingine wa pale, akasema anajua dawa: manyanga ya mkiani mwa yule nyoka wa Marekani anayelia kama kayamba. Lewis alikuwa nayo. Jessaume akavunja pingili mbili kwa vidole, akazichanganya na maji kidogo, akamnywesha. Hazikupita dakika kumi, anaandika Lewis, mtoto wa kiume akazaliwa. Lewis hakuwa tayari kuapa kwamba ni dawa iliyofanya kazi, na mimi niko upande wake. Mtoto akaitwa Jean Baptiste. Clark baadaye akampachika jina la utani, Pomp.

7 Aprili 1805

Barafu ya mto imeyeyuka. Mitumbwi sita na mashua mbili kubwa zikaanza kupanda Missouri zikiwa na watu 33, akiwemo mtoto ambaye hata miezi miwili hajatimiza.

9 Aprili 1805

Siku ya tatu tu. Wanaume waliposimama kula mchana, Sacagawea alichukua kijiti chenye ncha kali, akaenda kwenye marundo ya kuni zilizoletwa na maji. Alijua kwamba panya huficha akiba zao za mizizi chini ya marundo kama hayo. Akachokoa ardhi hapa na pale, na haukupita muda akarudi na mizizi ya kutosha. Lewis, aliyependa kuandika habari za mimea, aliyaona yote hayo na kuyaandika. Kazi hii ataifanya safari nzima, hasa wanaume watakapokuwa wameshiba nyama mpaka matumbo yanawasumbua, au wakati nyama yenyewe haipo.

14 Mei 1805

Jioni, mashua nyeupe ilikuwa na tanga juu, na usukani ameshika Charbonneau. Hakujua kuogelea, na Lewis amemwandika kuwa huenda ndiye mwanamaji mwoga kuliko wote duniani. Kwa bahati mbaya siku hiyo makapteni wote wawili walikuwa nchi kavu, ng'ambo ya mto, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo.

Upepo wa ghafla ukaipiga mashua ubavuni. Badala ya kuigeuza iende na upepo, Charbonneau akaielekeza upepo ulikotoka. Kamba ya tanga ikachomoka mikononi mwa aliyeishika, mashua ikalala ubavu na kuanza kunywa maji. Makapteni wakapiga bunduki hewani, wakapiga kelele, lakini hawakusikika. Lewis akaanza kufungua vifungo vya koti ili ajitose, ndipo akakumbuka kwamba mashua iko yadi 300 kutoka ukingoni, mawimbi makubwa na maji baridi. Ndani ya mashua Charbonneau alikuwa akimlilia Mungu. Pierre Cruzatte, aliyekuwa omoni, akamwambia ashike usukani au atampiga risasi papo hapo.

Wakati haya yakiendelea, Sacagawea aliketi nyuma ndani ya maji akikamata vitu vilivyoanza kuelea. Mashua hiyo ndiyo iliyobeba karatasi, vitabu, vipimo, dawa na sehemu kubwa ya bidhaa za kuwapa wenyeji. Siku mbili baadaye, baada ya kila kitu kuanikwa juani, Lewis aliandika kwamba mwanamke huyo alikuwa na ushupavu sawa na mtu yeyote aliyekuwa chomboni, na kwamba ndiye aliyeokoa vitu vingi vyepesi vilivyosombwa na maji. Nikiulizwa alifanya nini cha kukumbukwa, jioni hii ndiyo ninayoanza nayo, kabla ya kidole chochote kilichonyooshwa.

Tarehe 20 Mei wakaupa jina lake mto mmoja unaoingia Musselshell, katika Montana ya leo.

16 Juni 1805, Great Falls

Maporomoko makubwa ya Missouri yamewazuia. Lewis, aliyekuwa ametangulia, aliporudi alimkuta Sacagawea hoi: homa, maumivu ya tumbo la chini, mapigo ya moyo ambayo vidole vinayatafuta. Clark alikuwa ameshamtoa damu zaidi ya mara moja, kama walivyotibu siku hizo, na hali haikuwa imepata nafuu.

Lewis aliandika wazi kinachomtia wasiwasi. Alimhurumia mwanamke mwenyewe na mtoto mchanga mikononi, halafu akaongeza kwamba ndiye tegemeo lao pekee la kuelewana na Washoshone ili wapate farasi. Ni sentensi ngumu kuisoma, lakini ndiyo inayoonyesha thamani yake ndani ya msafara kuliko sifa zote zilizokuja baadaye. Akaagiza maji ya chemchemi yenye salfa iliyokuwa ng'ambo ya mto, akampa anywe, pamoja na afyuni kidogo na dawa ya gome la mti. Mapigo yakarudi, homa ikashuka.

Tarehe 19 alikuwa na nguvu ya kutoka. Akaenda kuchimba mizizi, akaila kwa wingi na samaki mkavu, homa ikamrudia. Lewis akamkemea Charbonneau vikali kwa kutomwangalia mkewe. Siku chache baadaye akapona kabisa.

29 Juni 1805

Mvua na mawe ya barafu. Clark, Charbonneau, Sacagawea na mtoto wakajibanza chini ya mwamba kwenye korongo lililokuwa kavu. Maji yakashuka kwa kishindo. Clark, bunduki mkono mmoja, alikuwa akimsukuma Sacagawea apande juu, naye amemkumbatia mtoto. Maji yakapanda futi 15 nyuma yao. Kibebeo cha mtoto na nguo zake zote zikaenda na maji. Clark alipoteza mwavuli na dira. Dira ikapatikana kesho yake.

28 Julai 1805, Three Forks

Siku sita nyuma alikuwa amewaambia kwamba anautambua mto huu, ndugu zake huishi kandokando yake, na mahali inapokutana mito mitatu si mbali. Wanaume waliokuwa wamechoka kuvuta mitumbwi kwa kamba walichangamka.

Sasa wamefika. Kambi yao, akawaambia, iko palepale watu wake walipokuwa wamepiga kambi siku Wahidatsa walipotokea miaka mitano iliyopita. Walikimbilia maili tatu juu ya mto wakajificha msituni, wakafuatwa. Wakauawa wanaume wanne, wanawake wanne na wavulana kadhaa. Yeye alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa.

Lewis aliandika hayo, kisha akasema haoni kwake dalili ya huzuni kwa kukumbuka, wala furaha ya kurudi kwao. Kwamba akipata chakula cha kutosha na vikorokoro vichache vya kuvaa, ataridhika popote. Lewis alikuwa mwangalifu sana kwa ndege na majani. Hapa aliangalia vibaya. Msichana aliyetekwa, anayesimulia mauaji ya jamaa zake kwa wanaume wenye silaha, katika lugha ya waliomteka, kupitia mume ambaye hakumchagua, angeonyesha nini, na kwa nani? Wala hazikupita siku ishirini kabla Lewis mwenyewe hajapata jibu.

17 Agosti 1805, Camp Fortunate

Lewis alikuwa ametangulia na watu watatu, akavuka milima kwenye njia ya Lemhi, akawapata Washoshone na chifu wao Cameahwait. Aliwashawishi waje naye kuwapokea wenzake, lakini walishuku wanapelekwa kwenye mtego wa maadui. Clark akachelewa na mitumbwi. Usiku ule Lewis alilala akijua kwamba kama Clark hatatokea, wenyeji watatawanyika na farasi wao, na safari itaishia hapo.

Asubuhi Clark alitokea akitembea kando ya mto, Charbonneau na mkewe wametangulia kidogo. Ghafla Sacagawea akaanza kucheza kwa furaha, akiwaonyesha kwa kidole wapanda farasi waliokuwa wakija na kujinyonya vidole, ishara kwamba hawa ndio waliomlea. Katika kundi la Washoshone akajipenyeza mwanamke mmoja, wakakumbatiana. Walitekwa pamoja siku ile ya Three Forks. Mwenzake akafanikiwa kutoroka.

Kisha mkutano. Makapteni na chifu wakakaa kivulini, viatu vimevuliwa kwa desturi ya pale, Clark amefungwa vipande vya kombe za baharini kwenye nywele kama heshima. Sacagawea akaitwa atafsiri. Akakaa, akaanza, akamtazama chifu usoni. Akaruka, akamkimbilia, akamtupia blanketi lake na kulia. Cameahwait alikuwa kaka yake. Baada ya kuzungumza naye kidogo alirudi mahali pake kuendelea na kazi, lakini kila mara machozi yalimkatiza. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa katika historia ya msafara iliyochapishwa 1814.

Na kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kapteni alisema kwa Kiingereza. François Labiche akageuza kuwa Kifaransa. Charbonneau akakipeleka kwenye Kihidatsa. Sacagawea akakitoa kwa Kishoshone. Jibu likarudi kwa ngazi hizohizo. Bei ya kila farasi ilipita vinywa vyote hivyo. Siku ile aliambiwa pia kwamba jamaa zake wengi wamekwisha kufa. Wamebaki kaka wawili na mtoto wa dada yake mkubwa, akamchukua mtoto huyo kuwa wake.

Kesho yake Lewis alinunua farasi watatu wazuri kwa koti la kijeshi, leso chache, visu vitatu na vitu vingine vidogo, jumla thamani ya dola 20 hivi. Haikuendelea kuwa rahisi namna hiyo: kabla ya mwisho wa mwezi Clark alitoa bastola, risasi 100, baruti na kisu kwa farasi mmoja.

25 Agosti 1805

Siku hii haielezwi sana, nami naiona nzito kuliko ile ya machozi. Watu wa Cameahwait walikuwa na njaa kali, na msimu wa kuwinda nyati kwenye tambarare za Missouri ulikuwa umefika. Chifu akatuma ujumbe kimyakimya: waliobaki kambini waje, waondoke wote kwenda kuwinda. Msafara ungeachwa katikati ya mlima na mizigo yake, bila farasi wa kutosha.

Sacagawea akalisikia, akamwambia mumewe asubuhi. Charbonneau akakaa nalo hadi mchana, kisha akalitaja kama habari ya kawaida. Lewis akawaka, akawaita machifu na kuwakumbusha ahadi yao. Cameahwait alinyamaza kitambo, kisha akakubali kwamba amekosea. Alichokifanya, akasema, kilitokana na kuona watu wake wana njaa. Akaufuta ujumbe.

Hebu mtu ajiweke hapo. Kaka uliyempata juzi baada ya miaka mitano anataka kuwalisha watu wake, na wewe unafichua mpango wake kwa wageni. Alifanya hivyo kwa uaminifu, kwa hofu ya mume, au kwa kutojua litakalofuata? Shajara hazikuuliza. Tarehe 30 msafara uliondoka na farasi 29 na mzee wa Kishoshone waliyemwita Toby. Kiongozi wa njia kupita milima ya Bitterroot alikuwa huyo mzee. Sacagawea huko hakuwahi kufika.

Septemba 1805

Theluji, njaa, farasi wadogo wakachinjwa wakaliwa. Watu wa Nez Perce waliwapokea upande wa pili wakiwa mifupa mitupu. Yeye alivuka na mtoto wa miezi saba, na shajara karibu zote zinamsahau.

19 Oktoba 1805, Mto Columbia

Mgeni ni kuku mweupe, na hapa kuku wenyewe walikuja na bunduki. Clark alitangulia akafika kijijini, akakuta watu wamejifungia nyumbani, wengine wakilia. Walikuwa wamemwona akimpiga korongo risasi angani, ndege akaanguka, naye akatokea karibu wakati huohuo. Walidhani ameshuka mawinguni. Zawadi na tumbaku ziliwatuliza kidogo tu. Mitumbwi ilipofika na Sacagawea akaonekana, wakamwonyeshana, na wote wakatoka nje. Clark aliandika sababu: sehemu zile kikosi cha vita hakisafiri na mwanamke. Siku sita nyuma alikuwa ameshaandika jambo hilohilo, kwamba mwanamke kati ya wanaume ni ishara ya amani.

Hakusema neno, na lugha yao hakuijua. Kuwepo kwake tu kuliokoa risasi ngapi, hakuna atakayehesabu.

Novemba 1805, mdomo wa Columbia

Tarehe 20 makapteni walitamani joho la manyoya ya fisi maji wa baharini. Mwenyewe alitaka shanga za buluu tu, nazo zilikuwa zimebaki kwenye mkanda aliovaa Sacagawea kiunoni. Mkanda ukatoka. Kesho yake akapewa koti la kitambaa cha buluu.

Tarehe 24 kila mtu aliulizwa wapi wakae majira ya baridi. York, mtumwa wa Clark, aliulizwa. Mwishoni mwa orodha kuna "Janey", jina ambalo Clark alimwita Sacagawea: anapendelea mahali penye wapato, vile viazi vya majini, kwa wingi. Tarehe 30 akampa Clark kipande cha mkate wa unga aliokuwa amemwekea mwanawe. Ulikuwa umelowa na kuchacha kidogo, lakini Clark aliula kwa raha, kwani hakuwa ameonja mkate kwa miezi. Krismasi akampa mikia 24 ya kicheche weupe.

6 Januari 1806, Fort Clatsop, kambi yao ya majira ya baridi

Habari zilikuja kwamba nyangumi ametupwa ufukweni. Clark akapanga kwenda na wanaume kutafuta mafuta. Hapa tunasikia, mara moja safari nzima, madai yake mwenyewe: ametembea nao mbali sana ili aone maji makubwa, na sasa samaki wa ajabu naye anaonekana, ni ukatili kuzuiwa kuona hata kimoja. Alikuwa amekaa karibu na Pasifiki wiki kadhaa na bado hakuwa amefika ufukweni! Wakamruhusu. Walipofika, Watillamook walikuwa wameshamkata nyangumi. Yamebaki mifupa, futi 105 kwa kipimo cha Clark. Wakanunua ratili 300 hivi za shahamu na galoni chache za mafuta.

13 Julai 1806, Three Forks tena

Kurudi, makapteni waligawana. Sacagawea alikwenda na Clark, na sasa yupo kwenye ardhi aliyoitembea utotoni. Hapa, ndiyo, alionyesha njia. Clark alitaka kuvuka kwenda Mto Yellowstone. Sacagawea akamshauri apite pengo lililo kusini zaidi. Clark akamfuata, na akaandika kwamba amemsaidia sana kama kiongozi wa njia katika nchi hii. Pengo hilo ni Bozeman Pass, ambapo baadaye reli ya Northern Pacific ilipita. Tarehe 25 Clark alichonga jina lake kwenye jabali kando ya Yellowstone na kuliita kwa jina la Pomp. Maandishi bado yapo.

17 Agosti 1806, vijiji vya Wamandan

Hesabu zikafungwa. Charbonneau alilipwa dola 500 na senti 33, zikiwemo za farasi na hema alilowauzia. Mkewe hakulipwa kitu, sawa na York.

Siku tatu baadaye, akiwa mtoni kuelekea St. Louis, Clark alimwandikia Charbonneau barua. Humo alikiri kwamba mke wake alistahili tuzo kubwa kuliko waliyoweza kumpa, akaahidi kumlea na kumsomesha Pomp akiletwa. Walimleta, na Clark alilipa karo.

20 Desemba 1812, Fort Manuel

Karani wa ngome hii ya biashara, John Luttig, aliandika kwamba mke wa Charbonneau, Mshoshone, amefariki kwa homa, umri kama miaka 25, akiacha mtoto mchanga wa kike. Alikuwa mwanamke mwema kuliko wote ngomeni. Washoshone wa Wind River huko Wyoming wanasimulia vingine: kwamba alirudi kwa watu wake, akazeeka, akafa mwaka 1884. Clark mwenyewe, katika orodha aliyoiandika miaka ya 1820 ya waliokuwa safarini, aliandika kando ya jina lake kwamba amekufa.

Agosti 1813, ombi la ulezi wa Jean Baptiste na dada yake Lisette lilifika mahakamani St. Louis. Jina la Luttig likafutwa, na juu yake likaandikwa la William Clark.